Sinki Lisiloshika Maji

Muuza vifaa vya ujenzi wa pale kona ya barabara alikuwa amekwisha kuombwa mengi. Kuna aliyetaka bawaba zisizolia ili mkewe asijue anarudi saa ngapi, na kuna aliyetaka rangi nyeupe isiyochafuka wakati ana watoto sita. Lakini Jumanne ile asubuhi mama mmoja wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono mikubwa iliyochujuka kwa sabuni, alisimama mbele ya masinki kumi na moja yaliyoegemezwa ukutani, akayakagua moja moja kama anayetambua mwizi kituo cha polisi, kisha akasema anataka sinki lisiloshika maji.

"Lisilovuja," muuzaji akamsahihisha kwa adabu.

"Lisiloshika. Maji yaingie, yatoke. Yasikae hata kidogo."

"Mama yangu, hicho mbona ni chujio?"

Wateja wawili waliokuwa wakipima mabati wakacheka. Yule mama hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya sinki la stili lenye kina kirefu, maji yangefika juu ya kiwiko, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Lile la pili lilikuwa la kauri, jeupe, pana, zuri kweli kweli. Hilo hakuligusa kabisa. Lilikuwa na kizibo cheusi kilichoning'inia kwenye mnyororo wake, na macho yake yalibaki pale kwenye kizibo.

Mdogo wake, ambaye ndiye aliyemleta, bado alikuwa nje. Alikuwa fundi bomba, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, mwenye kigugumizi. Duka lile lilikuwa na mbwa mzee aliyelala karibu na mifuko ya saruji, na fundi hakuwa mtu wa kupita mbele ya mbwa, awe mzee, awe amelala, awe amekufa.

"A-a-amefungwa?" aliuliza kutoka barabarani.

"Huyu?" muuzaji akasema. "Huyu hana hata meno, fundi."

"Si-sijauliza meno."

Mbwa akafungwa. Fundi akaingia kwa ubavu ubavu, mgongo ukutani, akamkuta dada yake yuko njiani kutoka. Hakuna sinki lililomfaa. Fundi aliwaza kwamba ni yale yale ya wanawake na maduka, na dada yake akamwacha awaze hivyo. Sababu yenyewe alikuwa nayo moyoni kwa miaka arobaini na moja.

Mtaani kwake walimwita Haloweki. Si jina la kuzaliwa, lakini hilo la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa na wote isipokuwa karani wa kura. Kazi yake ilikuwa kufulia watu: mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wanafunzi, makoti ya wauguzi. Kila mfuaji duniani analoweka. Nguo ikikaa kwenye sabuni saa moja, kazi inakuwa nusu, hata mtoto anajua. Yeye haloweki. Anafua nguo moja moja chini ya maji yanayotiririka, anapaka sabuni, anasugua, anasuuza, anakamua, anachukua nyingine. Bili yake ya maji ilikuwa kichekesho cha mtaa. Ndoo zake zote zilikaa kifudifudi uani, zikiwa kavu, na akipita nyumbani kwa jirani akaona beseni lina maji, atalimwaga huku akiendelea kusalimia. Majirani walikwisha kumzoea. Wengine walisema ni usafi, wengine walisema ni uchawi, na mmoja, mwenye ulimi, alisema huenda katika ukoo wao kuna aliyeolewa na samaki.

Ukweli hauchekeshi. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikwenda sokoni akamwachia mdogo wake, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, na karai la bati lililojaa ovaroli za baba zilizolowekwa tangu alfajiri. Nje ya uzio wasichana walikuwa wanaruka kamba. Alimkalisha mtoto kivulini akatoka. Raundi moja tu. Kamba ilipomnasa mguu alirudi, na alichokiona uani ni miguu miwili, mmoja una kiatu, mwingine hauna, imeelekea juu kutoka ndani ya karai.

Alimvuta kwa ukosi wa shati. Mtoto alikuwa amebadilika rangi. Alimgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, hajui anachofanya, analia bila sauti ili jirani asisikie. Hilo ndilo lililomtesa zaidi baadaye: hata katika hali ile alikumbuka kuficha. Maji yakatoka mdomoni, yakatoka puani, kisha mtoto akakohoa na kulia. Akambadilisha nguo. Zile mbichi akazitupa ndani ya karai pamoja na ovaroli.

Mama aliporudi alimkuta mtoto anatetemeka, sauti imekauka. "Kafanywa nini mwanangu?"

"Mbwa," msichana akasema. "Mbwa kaingia uani, kamtisha."

"Mbwa gani?"

"Wa kahawia. Sikio moja limekatika."

Baba alitoka na fimbo akazunguka mitaa mitatu akimtafuta mbwa wa kahawia mwenye sikio moja. Hakumpata, lakini kabla wiki haijaisha majirani wanne walikwisha kumwona. Mmoja alisema alimkimbiza hadi reli. Na mtoto alipofika umri wa kusema, maneno yakawa yanakwama mlangoni, mama yao akatikisa kichwa: ni yule mbwa. Mtoto akakua akisimuliwa yule mbwa kama wengine wanavyosimuliwa babu yao. Akawa fundi mzuri, ila alikataa kazi zote za nyumba zenye mbwa, na nyumba zenye mabomba mazuri ndizo zenye mbwa. Kwenda kwa dada yake alizunguka mtaa mzima, dakika ishirini nzima, ili asipite geti la kijani la jirani ambako jibwa jeusi lilifungwa mnyororo. Dada yake alimwona akija hivyo kila wiki, ametoka jasho. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilikuwa na miaka arobaini na moja na bado ilikuwa inakwenda.

Sasa binti yake alikuwa amepata kazi ya ukarani kiwandani. Mumewe ni dereva wa malori, wiki nzima hayupo. Jumatatu inayofuata angeanza kazi, na mtoto wao wa kiume, wa miezi kumi, angeachwa kwa bibi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kwa binti hilo halikuwa hata jambo la kuuliza. Bibi ndiye bibi. Alikwisha kununua nepi za kitambaa dazeni tatu, na kwa akiba yake ya miezi alikuwa amesema chumba cha kufulia cha mama kikarabatiwe: vigae, sinki la kisasa, mashine.

"Upumzishe mgongo, mama," alisema. "Na mume wako atakuwa karibu nawe." Mume wako ndiye huyo wa miezi kumi, mwenye meno mawili, ambaye alikuwa ametambaa kutoka sebuleni hadi jikoni wakati sentensi ile haijaisha.

Haloweki alicheka na kumbusu mjukuu kisogoni. Kisha alikwenda chumba cha kufulia, akafunga mlango, akakaa chini. Aliogopa. Niseme wazi, maana watu humdhania mwanamke wa umbo lile hana hofu: aliogopa mpaka meno yakagongana. Binti yake huyo yeye alikuwa amemlea mgongoni, kitenge kimekazwa, hakumshusha mpaka alipofika miaka minne, na alimwogesha kwa kopo. Lakini wakati ule alikuwa kijana. Sasa alikuwa anasinzia mchana. Na mtoto huyu alikuwa anatambaa.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kati ya jiko na ua. Ukutani kulikuwa na karo la saruji lililojengwa na mwenye nyumba wa zamani, kimo chake mpaka magotini, pana, kingo zimelainika kwa miaka ya nguo. Kwa mtu anayetambaa lilikuwa linafikika. Hilo alilipima Jumanne hiyo hiyo jioni kwa kupiga magoti na kutambaa mwenyewe kutoka jikoni, mikono sakafuni, akihesabu. Hatua kumi na nne. Mjukuu angezimaliza kabla ya maji ya chai kuchemka.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi, fundi alipofika na nyundo, mfuko wa saruji na utepe wa kupimia, alikuta mipango imebadilika.

"Mlango uwe na komeo. Juu kabisa."

"S-sawa."

"Bomba la maji liwe na koki yake ya kufunga, nje, mahali mtoto hafiki."

"Sawa."

"Mashine isiwe ile yenye dirisha mbele. Mtoto anaingia mle."

"Dada, mtoto g-gani anaingia kwenye mashine?"

"Na sinki liwe juu. Mita moja na robo."

Fundi aliutazama utepe, akamtazama dada yake, akautazama tena utepe. "Kimo cha kawaida ni s-sentimita themanini na tano. Kwa mita na robo utafulia umepanda ngazi. Unataka kufua nguo au k-kuhubiri?"

Alicheka mwenyewe. Akaanza kuvunja karo, na dada yake akasimama mlangoni akitazama. Kila nyundo ilipotua alisikia raha ya ajabu, kama mtu anayekunwa mahali panapowasha. Karo likawa vifusi, vifusi vikatolewa uani kwa ndoo, na kila ndoo iliporudi aliipindua kifudifudi kwa mkono wake. Kwa saa mbili za asubuhi ile aliamini kwamba mambo yatakwenda vizuri.

Kisha fundi akatoka barabarani, akarudi amebeba boksi kubwa kifuani. Alilitua katikati ya chumba, akachana karatasi, akasimama pembeni akipangusa mikono kama bwana harusi. Lilikuwa lile sinki la dukani, la stili, lenye kina. Alirudi kulinunua peke yake, mbwa na yote.

"Z-zawadi yangu," alisema. "Kwa mjukuu. Ona kina hiki! Hata m-mtoto utamwogeshea humo humo. Unajaza tu, unamtia."

Haloweki alitazama chini kwenye sinki. Lilikuwa kavu, jipya, na karatasi yake bado imebandikwa. Aliona miguu miwili.

"Lirudishe," alisema.

"Dada..."

"Lirudishe! Nilisema lisiloshika maji. Lisiloshika! Hamsikii?"

Sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Uso wa fundi ulisawijika. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini uso ule dada yake alikuwa anaujua tangu ukiwa mdogo kama sahani.

"N-niambie sababu," fundi akasema polepole. "Mimi ni fundi. Siwezi kufunga sinki lisilo na kizibo nikaulizwa na watu nikakosa jibu. Una n-nini na maji wewe? Tangu utoto. Mama alikuwa anasema umerogwa."

Angeweza kusema lolote. Alikuwa na uwongo wa kutosha, wa bili, wa mgongo, wa ndoto. Lakini Jumatatu ilikuwa karibu, na alijua kwamba kama hatasema leo, atampokea mtoto yule akiwa na kinywa kile kile kilichosema mbwa.

"Kaa chini."

"N-nina saruji mikononi."

"Kaa hivyo hivyo."

Fundi akakaa juu ya mfuko wa saruji. Haloweki hakumtazama. Alilitazama sinki, akasema nalo.

"Hakukuwa na mbwa."

"M-mbwa gani?"

"Yule."

Katika ukoo wao yule mbwa alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo alisimulia: kamba, raundi moja, ovaroli, kiatu, maji yaliyotoka puani. Alisimulia haraka, mikono imeshikana tumboni, na hakuruka hata lile la kulia bila sauti. Alipomaliza, jirani alikuwa akikuna nazi ukuta wa pili.

"Namkumbuka," fundi akasema. Neno lilitoka zima. "Namwona. Wa kahawia. S-sikio la kushoto limekatika."

"Lile sikio nililikata mimi, mdogo wangu. Kwa mdomo huu. Mama aliuliza mbwa gani, nikaona mbwa asiye na alama hataaminika."

Fundi akafungua kinywa. "N-n-n..." Neno likakwama. Haloweki alisubiri. Ndugu wengine humalizia watu wa namna ile maneno yao. Yeye hakuwahi, hata mara moja, maana aliona hana haki. Alisubiri, na safari hii neno halikuja kabisa. Fundi alifunga kinywa, akaosha mikono kwenye bomba la uani, akakunja utepe wa kupimia, akauweka mfukoni, akatoka. Kutoka dirishani dada yake alimwona anafika njia panda, anasimama. Kushoto kulikuwa na geti la kijani, na nyumbani dakika tatu. Akageukia kulia, akazunguka.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Simu yake iliita bila kupokelewa. Chumba kilikaa wazi, waya nje, bomba limezibwa kwa kitambaa, na katikati ya sakafu sinki limekaa kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Asubuhi ya Ijumaa Haloweki aliligeuza kifudifudi, kama ndoo.

Binti alipiga simu mara mbili. "Mama, mjomba amefika wapi na kazi?"

"Inaendelea."

"Jumamosi nakuja na vitu vya mtoto, basi. Mama, uko sawa? Sauti yako..."

"Vumbi tu, mwanangu."

Akaweka simu, akajitukana mwenyewe. Hata vumbi lilikuwa uwongo. Hofu yake sasa ilikuwa imezaa pacha. Moja ilikuwa ya mtoto na maji, ile ya zamani, anaijua harufu yake. Nyingine ilikuwa kwamba amempoteza mdogo wake, mtu aliyemvuta mwenyewe kutoka kwenye karai, na kwamba safari hii hakuna mgongo wa kupiga. Hakula. Alifua sare kumi na mbili za wanafunzi kwenye bomba la uani, moja moja, akazianika, akasahau mbili zilikuwa tayari safi.

Jumamosi, jua lilipokuwa limeshapanda, alisikia hodi. Fundi alikuwa amesimama uani na boksi lake la zana, ametoka jasho la kuzunguka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"S-sinki langu umeligeuza?"

Akaingia kazini. Alitoboa ukuta, akafunga vyuma, akaliweka sinki, akalipima kwa pima maji. Alilipandisha sentimita tano juu ya desturi, hakuuliza. Vigae alikuwa amebandika nyuma yake kabla ya saa sita. Haloweki alimpa chai, akaipokea, akasema asante, akainywa akiwa amemgeuzia mgongo. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Anayesema asante hivyo, humshiki popote.

Saa saba binti alifika na mifuko minne na mtoto kiunoni. Alimwamkia mjomba wake kwa furaha, akasifia vigae, akaenda jikoni kumlisha mtoto uji. Fundi aliweka kizibo, akafungua bomba.

"Unafanya nini?" Haloweki akauliza.

"Sinki hup-pimwa likijaa."

Hilo lilikuwa kweli, ndivyo mafundi wanavyofanya. Haloweki alishika fremu ya mlango. Maji yalipanda kimya, yakafunika chata ya kiwanda, yakafika nusu, yakafika kiwiko, yakafika juu. Fundi akafunga bomba. Akachungulia chini, akapapasa maungio, hakuna tone. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya boksi la zana, akashika kingo mbili za sinki, akainama, akatumbukiza uso ndani ya maji mpaka masikioni.

Haloweki alidhani anatafuta ufa. Moja, mbili. Mabega ya fundi hayakutikisika. Nne. Viputo vikapanda kando ya shavu lake, vidogo. Tano. Miguu ya Haloweki ilikuwa imeota mizizi, kama ya mtoto wa miaka tisa, na kinywa kikawa wazi bila sauti. Saba. Hapo sauti ikatoka, sauti aliyokuwa hajaitoa siku ile, yote, mpaka kuku wa jirani wakaruka, na akamrukia mdogo wake akamkamata ukosi wa shati akamvuta. Vifungo viwili vikatoka. Wote wakaanguka juu ya sakafu iliyolowa, na yeye akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja, akampiga, akampiga.

"Ni-nilikuwa nimebana p-pumzi, dada! Nimebana pumzi!"

"Pumzi ya nani? Mjinga mkubwa wewe! Na mvi zako!" Alikuwa analia kwa nguvu, kamasi na yote.

Fundi alikaa, maji yanamtiririka puani. "Nilitaka kujua k-kama nakumbuka."

"Umekumbuka?"

"Hapana," alisema. Alionekana mwenye hofu. "Nafumba macho namwona mbwa tu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kijiko cha uji mkononi, mtoto kiunoni. "Kuna nini? Mama? Mjomba?"

Haloweki alijifuta uso kwa mtandio. Hakuinuka. Alimwambia pale pale chini, kwa maneno machache kuliko ya Jumatano, maana maneno yakishatoka mara moja hujua njia. Alisema: niliachiwa mtoto nikamwacha akazama. Alisema: ni huyu. Alisema: nilimsingizia mbwa. Na akaona kile alichokuwa akikiogopa kuliko vyote, mkono wa binti yake ukimkaza mtoto zaidi kifuani, na mguu mmoja ukirudi nyuma hatua.

Hakumlaumu. Angefanya vivyo hivyo.

"Ndiyo maana hukuniogesha kwenye beseni," binti akasema.

"Ndiyo maana."

"Watoto wenzangu walikuwa wananicheka. Kopo, kopo."

"Najua, mwanangu."

Fundi aliinuka, akaingiza mkono ndani ya sinki, akavuta kizibo. Maji yakaanza kushuka kwa kelele. Alichukua koleo kutoka boksi la zana, akakata mnyororo, akakitia kizibo katika pete ya funguo zake, kikaning'inia kati ya ufunguo wa nyumba na wa baiskeli.

"Hiki n-nakaa nacho mimi," alisema. "Sinki lako halishiki maji. Watu wakiuliza, n-ninalo jibu." Kisha akamgeukia binti. "Mlete Jumatatu. Mimi mlezi wa k-kumwogopa ni yule asiyeogopa maji."

Binti alimtazama mama yake aliyelowa, akatazama sinki, akatazama komeo lililofungwa juu kabisa ya mlango. Mtoto mwenyewe alikuwa amechoshwa na wakubwa wale, akanyoosha mikono kwa bibi yake akipiga kelele. Binti alimshikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akainama, akampakata mama yake mtoto, na mkono wake ukabaki juu ya mgongo wa mtoto, haujaondoka, kwa muda mrefu.

Alasiri fundi alipomaliza kusafisha, Haloweki alimfunga mjukuu mgongoni, akamsindikiza mdogo wake mpaka njia panda. Fundi akasimama hapo. Akatazama kulia, njia yake ya dakika ishirini. Akatazama kushoto. Mnyororo ulisikika nyuma ya geti la kijani, na geti lilikuwa wazi nusu.

"Hakunifanya kitu," alisema. "Ha-hata hakuwepo. Najua." Paji la uso lilikuwa linamtoka jasho. "Kwa nini b-bado naogopa?"

Dada yake alimpa mkono. Fundi aliushika kwa nguvu mpaka vidole vikauma, wakaenda, dada upande wa geti, mdogo upande wa mtaro, mtoto mgongoni akivuta mtandio. Lile jibwa jeusi liliinuka, likajinyoosha, likatoka mpaka mwisho wa mnyororo wake kuwatazama. Fundi akasimama ghafla. Dada yake akadhani atakimbia, akamkaza mkono. Lakini alikuwa anamtazama mbwa, usoni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Ana m-masikio," alisema.

"Ndiyo, mdogo wangu," Haloweki akasema. "Yote mawili."